Je, Ndiyo Merikebu Ile Yenyewe?

Somo la vikundi vya Biblia: Matendo ya Mitume 27:27–44 na 28:1–11



Tunaomba kila mmoja aifungue Biblia yake kabla ya kuendelea, maana katika somo hili tutarudi humo mara nyingi. Twasoma jinsi merikebu ya Iskanderia, yenye watu 276 na shehena ya ngano, ilivyochukuliwa na tufani hata usiku wa kumi na nne. Mabaharia walihisi kwamba nchi kavu i karibu. Wakapima kina wakapata pima 20. Mbele kidogo wakapata pima 15. Kwa kuogopa miamba walishusha nanga nne upande wa tezi, wakaomba kuche. Asubuhi walizikata nanga zile wakaziacha baharini, wakaielekeza merikebu pwani. Omo ikakwama, tezi ikavunjwa na mawimbi, na watu wote wakafika salama, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao. Kisiwa kiliitwa Melita, nacho kwa desturi hufahamika kuwa ndicho Malta ya leo.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo lililo mbele ya Halmashauri ya parokia. Kitabu chetu kidogo cha mafundisho ya kipaimara kinachapishwa upya, na wako ndugu waliopendekeza kwamba penye habari za Mtume Paulo iwekwe picha ya nanga, na chini yake iandikwe kwamba nanga za merikebu ya Paulo zimepatikana huko Malta. Picha hiyo imepita katika simu za waumini wengi. Waliopendekeza wana nia njema, nasi tunawaheshimu. Lakini kitabu cha mafundisho hakifanani na mazungumzo ya barazani. Mtoto akisoma jambo humo huliweka moyoni pamoja na Kanuni ya Imani, na hatenganishi hili na lile.

Basi tuichunguze habari yenyewe. Ilienea kwa kitabu kilichotolewa mwaka 2003 na Mmarekani Robert Cornuke, aliyekuwa polisi zamani. Alifika Malta akakutana na wazee waliokuwa wapiga mbizi. Walimweleza kwamba tangu miaka ya 1960 nanga nne za kale ziliopolewa upande wa kusini-mashariki wa kisiwa, karibu na mwamba wa Munxar, penye kina cha pima 15 hivi. Moja ya hizo, kwa maelezo hayo hayo, ilikuwa imekwisha kuyeyushwa ili kutengeneza vizito vya kuzamia.

Nanga nne, pima 15, na kisiwa ni Malta! Si ajabu msomaji kushangilia. Lakini mwalimu wa hesabu hampi mwanafunzi alama kwa jibu peke yake. Humwambia aonyeshe njia. Nasi tuiulize njia.

Nanga za Warumi zilitengenezwa kwa mti, zikafungwa boriti ya risasi (tunasema ile madini nzito, si ya bunduki) ili nanga ilale vizuri na kuuma mchanga. Mti huoza, boriti ya risasi hubaki. Nanga za namna hiyo zilitumika kwa mamia ya miaka, na Malta iko katika njia ya vyombo vilivyochukua ngano ya Misri kwenda Italia. Kulijua hilo hatuhitaji hata kutoka nje ya Biblia. Tazama Mdo. 28:11. Baada ya miezi mitatu Paulo aliondoka kisiwani katika merikebu nyingine ya Iskanderia, iliyokuwa imekaa huko wakati wa baridi. Kwa hiyo majira yale yale zilikuwapo kisiwani merikebu mbili za Iskanderia, moja imevunjika na moja nzima. Nanga ikiopolewa leo, ni ya ipi kati ya hizo mbili? Au ni ya chombo kilichopita miaka mia kabla yao?

Kuna neno jingine katika mstari huo ambalo wengi hulipita. Luka anatutajia alama ya merikebu ile ya pili, kwamba ilikuwa ya mapacha. Ile iliyovunjika hakuitaja jina wala alama. Maana yake, hata kama kesho mtu angeleta boriti ya risasi iliyochorwa jina la chombo, sisi hatuna la kulilinganisha nalo.

Tena nanga zile za Munxar ziliinuliwa na watu waliokuwa katika kazi yao ya kuzamia, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiri habari za Paulo. Hakuna mtaalamu aliyeziona zikiwa chini ya bahari, akapima umbali kati ya moja na nyingine, akachora jinsi zilivyolala. Kitu kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa, ushahidi wake mwingi hubaki majini. Wamalta wenyewe kwa mapokeo yao huonyesha mahali pengine kabisa, ghuba iliyo kaskazini inayoitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo. Na wako wanaosema kwamba Melita ni Mljet, kisiwa cha bahari ya Adria. Hawa wote hawawezi kuwa sawa kwa pamoja.

Msumari uliotoa ushahidi

Habari za namna hii haziwahusu Wakristo peke yao. Dunia nzima ina hamu ya kuziona merikebu mashuhuri, na hamu hiyo imewatangulia watu wengi kufika mahali ambapo ushahidi haujafika.

Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1492, Christopher Columbus alipoteza merikebu yake kubwa, Santa María, kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Haiti. Usukani ulikuwa umeachwa mikononi mwa mtoto, watu wazima wamelala, na chombo kikapanda fungu polepole. Shehena iliokolewa, na mbao zikatumika kujenga ngome ndogo ambamo Columbus aliwaacha watu 39. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta ngome imeteketezwa na watu wake wamekufa.

Mwezi Mei 2014 mpiga mbizi Mmarekani, Barry Clifford, alitangaza kwamba mabaki ya Santa María yamepatikana katika miamba ya pwani ile. Alitaja mahali, farumi ya mawe, na mzinga wa kizamani ulioonekana hapo zamani. Magazeti ya dunia yakaandika. Haiti ikaomba msaada wa UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, nalo likapeleka wataalamu walioshuka chini kujionea. Taarifa yao ilitoka mwezi Oktoba mwaka ule ule. Walikuta misumari mikubwa ya shaba iliyounganisha mbao. Vyombo vya siku za Columbus viliunganishwa kwa misumari ya chuma na ya mti. Ufundi ule wa shaba ulikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1600 au katika miaka ya 1700. Isitoshe, mahali penyewe palikuwa mbali mno na nchi kavu kuliko masimulizi ya Columbus. Ilikuwa merikebu kweli, na ilizama kweli, lakini haikuwa ile.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wangeielewa hoja hii upesi kuliko mabwana wa magazeti. Fundi mzee akitazama msumari na tundu lake kwenye taruma hukuambia chombo kiliundwa enzi ya nani, hata kama mwenye chombo anasimulia vingine.

Mwaka uliofuata, 2015, Clifford alikuwa Madagascar, katika kisiwa cha Sainte-Marie, kilichokuwa maskani ya maharamia. Huko ndiko Kapteni William Kidd alikoiacha merikebu yake, Adventure Galley, mwaka 1698. Kutoka majini palitolewa mkuo wa madini wa karibu kilo 50, ukasemwa kuwa ni fedha ya Kidd, ukakabidhiwa kwa Rais wa nchi mbele ya wapiga picha. UNESCO ikapeleka wataalamu tena. Mkuo ulipopimwa ulikuwa asilimia 95 risasi, wala haukuwa na fedha. Na yale yaliyodhaniwa kuwa mabaki ya merikebu yalikuwa vifusi vya ujenzi wa bandari.

Tusifanye haraka kumcheka mtu huyu. Ndiye aliyeipata Whydah mwaka 1984 huko Cape Cod, Marekani. Merikebu hiyo iliundwa kwa biashara ya watumwa, ikapewa jina la bandari ya Ouidah, iliyo katika Benin ya leo. Ilitekwa na maharamia, kisha ikazama mwaka 1717. Mwaka 1985 iliopolewa kengele yake, imeandikwa jina la chombo pamoja na mwaka 1716, na wenye shaka wakanyamaza. Kwa hiyo mtu yule yule alisema kweli mara moja na mara nyingine hakusema. Ndiyo maana ushahidi hupimwa wenyewe, bila kutazama nani ameuleta. Hata wasomi wa makumbusho hukosana: mwaka 2022 Makumbusho ya Bahari ya Australia yalipotangaza kwamba Endeavour, merikebu ya Kapteni Cook, imetambuliwa huko Rhode Island, washirika wao Wamarekani walisema siku hiyo hiyo kwamba ni mapema mno kusema hivyo.

Kwa nini majina hutangulia? Sababu moja ni mapenzi ya habari kubwa, ambayo kila mmoja wetu anayo. Nyingine ni fedha. Kuzamia ni kazi ya gharama nyingi, na merikebu isiyo na jina haina mfadhili. Mabaki ya jahazi la mfanyabiashara asiyejulikana hayaitishi mkutano wa magazeti, hata kama yana mafunzo mengi kuliko meli ya mfalme.

Huenda, yaelekea, na ni

Tuliofundisha Kiswahili miaka mingi tunajua kazi ya maneno haya matatu. Asemaye "huenda ni yeye" ameacha mlango wazi. Asemaye "yaelekea ni yeye" ameurudisha nusu. Asemaye "ni yeye" ameufunga, na ni lazima awe na ufunguo. Pwani hizi za bahari yetu zina mfano mmoja wa kila neno.

Tuanze na lililo thabiti. Mwaka 1697, Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira Fort Jesus, merikebu ya vita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliichimba chini ya maji, hatua kwa hatua, wakiandika kila kitu. Mahali panajulikana, maandishi ya Wareno wenyewe yaeleza jinsi ilivyopotea, na vitu vilivyotoka humo vyakubaliana na miaka hiyo. Hapa twaweza kusema "ni". Baadhi ya vitu hivyo viliwekwa katika makumbusho ya Fort Jesus, na kikundi kinachotaka kufanya safari ya mafunzo hakitapoteza nauli yake.

Mfano wa pili uko Oman, katika kisiwa cha Al Hallaniyah. Maandishi ya Wareno yasema kwamba mwaka 1503 merikebu mbili za msafara wa Vasco da Gama, chini ya ndugu wawili wa ukoo wa Sodré, zilivunjwa na dhoruba huko. Mabaki yaligunduliwa mwaka 1998. Uchimbaji ulifanywa kuanzia 2013 hata 2015, na tangazo likatolewa 2016. Hesabuni wenyewe: miaka 18! Katika muda huo walipata kengele yenye tarakimu zinazosomeka kama za mwaka 1498, sarafu ya fedha ya namna iliyoanza kupigwa mwaka 1499, na kipande cha chombo cha kupimia jua chenye nembo ya Ureno. Kengele haikuwa na jina la merikebu. Walichofanya ni kuwaondoa wasiohusika mmoja mmoja: si kabla ya 1499, kwa sababu ya sarafu, si taifa jingine, kwa sababu ya nembo, na kati ya merikebu mbili zilizoandikwa kupotea hapo, watu wa moja walifika pwani na kuokoa vitu vyao. Yaliyobaki yaelekea kuwa ya Esmeralda. Neno lao lilikuwa hilo, "yaelekea", ingawa walikuwa na ushahidi mwingi kuliko nanga zote za Munxar.

Wa tatu uko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwaka 2013 yalionekana mabaki ya merikebu umbali wa meta 500 hivi kutoka pwani, penye kina cha meta 6. Humo mlikuwa na mikuo ya shaba na pembe za ndovu, na mbao chini ya matumbawe. Mwaka 2024 wataalamu waliandika kwamba yaonekana ni chombo cha Wareno cha miaka ya mwanzo ya 1500, na kwamba huenda ni São Jorge, iliyopotea mwaka 1524 katika safari ya tatu ya Vasco da Gama. Wakasema pia kwamba uchunguzi zaidi wahitajika. Habari ilipofika magazetini, "huenda" ilikuwa imeanguka njiani. Ilipofika kwenye simu zetu, ilikuwa "Meli ya Vasco da Gama yapatikana Malindi." Jambo hilo lina kasoro mara mbili, kwa kuwa hata kama ni São Jorge, yeye mwenyewe alisafiri katika merikebu nyingine, Santa Catarina do Monte Sinai. Watu wa Ngomeni hawakupungukiwa na kitu kwa neno "huenda". Pembe zile na shaba ile ni za kweli, na zatueleza habari za biashara ya bahari hii, jina liwe lolote.

Turudi kwa Paulo

Msomaji aweza kuuliza: je, mwataka kutuambia kwamba sura ya 27 haina ushahidi wowote? La, hasha. Mskoti James Smith, mtu aliyejua kusafiri kwa tanga, alitoa kitabu mwaka 1848 kuhusu safari hii ya Paulo. Alikadiria mwendo wa merikebu inayosukumwa na upepo wa dhoruba ile kutoka kisiwa cha Kauda (mstari wa 16). Akapata maili moja na nusu hivi kwa saa, na kwa mwendo huo ingefika Malta baada ya siku 13 na ushei. Luka asema ulikuwa usiku wa kumi na nne. Smith hakuleta nanga hata moja. Alileta hesabu ambayo mtu mwingine yeyote mwenye ramani aweza kuikagua, na iliyoweza kumkatalia kama Luka angeandika usiku wa tano au wa thelathini. Kwa kadiri tuonavyo, huo ni ushahidi mzuri kwamba mwandishi wa sura hii alikuwa chomboni, au alimsikiliza mtu aliyekuwamo.

Lipo shauri ambalo tumelisikia: "Kuna ubaya gani? Hata kama nanga si zenyewe, zawaimarisha vijana." Twalijibu kwa mfano wa Safina. Vijana wengi wameonyeshwa picha ya kilima cha Durupınar nchini Uturuki, chenye umbo la mashua, wakaambiwa kwamba ndiyo Safina ya Nuhu. Umbo lile lilionekana katika picha iliyopigwa kutoka angani mwaka 1959. Wataalamu wa miamba wamelichunguza, wakaeleza kwamba ni udongo na mawe yaliyokunjwa kwa nguvu za ardhi. Kijana wetu atafika kidato cha tatu, atafundishwa jinsi miamba ikunjwavyo, atakumbuka picha ile. Hatamuuliza mwalimu wa jiografia. Atajiuliza mwenyewe ni yapi mengine aliyoambiwa kanisani kwa njia hiyo hiyo, na hapo orodha yaweza kufika mpaka kwenye kaburi lililo wazi. Tumewaona vijana wa namna hiyo. Hawakuja kugombana na mtu. Waliacha tu kuja.

Tena iko amri ya tisa (Kut. 20:16). Tumezoea kuifundisha kwa habari za mahakamani na majungu ya jirani. Lakini anayechapisha kwamba kitu fulani kimepatikana, hali hajui kama kimepatikana, naye ni shahidi. Watu wa Beroya (Mdo. 17:11) walisifiwa kwa kuchunguza hata maneno ya Paulo mwenyewe kila siku, sidhani Paulo angekasirika tukizichunguza nanga zake.

Kwa hiyo shauri letu kwa Halmashauri ni hili. Picha na iwekwe, maana ni picha nzuri, na watoto wanapenda kuona vitu. Chini yake paandikwe: "Boriti ya risasi ya nanga ya Kirumi, ya namna iliyotumika katika bahari aliyosafiri Mtume Paulo." Kila neno hapo laweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. Kando yake ichapwe ramani ya safari kutoka Krete kupita Kauda hata Malta, pamoja na hesabu ya siku, ili mtoto aifanye mwenyewe kwa rula.

Kwa mkutano wa vikundi, kila mmoja asome tena Mdo. 27:27 hadi 28:11, aandike mambo yote ambayo mtu asiyekuwa chomboni asingeyajua kwa urahisi. Kisha alete habari moja ya uvumbuzi aliyoipokea mwezi huu, ya meli au ya kitu kingine chochote, tuitafute "huenda" yake ilianguka wapi. Halmashauri itaketi juu ya kitabu cha kipaimara kabla ya Kwaresima. Mwenye hoja ya kuzitetea nanga za Munxar na aiandike, aipeleke kwa katibu wa parokia, nasi tutaisoma mbele ya wote kama alivyoiandika.